Furushi la Leso Halitupwi

Karatasi ya zawadi hununuliwa kwa pesa, ikararuliwa papo hapo, ikaishia jaani. Israfu hii huzilemea hasa nyumba zenye watoto wengi, msimu wa Idi na wa arusi. Twapendekeza leso, ambayo huuzwa kwa jozi: moja iwe zawadi, ya pili iifunge, na zote zimfikie mpokeaji. Ikunjwe mara mbili, zawadi iwekwe katikati, pembe mbili zinazokabiliana zifungwe fundo, kisha zilizosalia ziwe mshikio. Jina la leso lielekee nje, lizungumze badala ya kadi; lichagueni kwa uangalifu, kwani jina la mafumbo huweza kuvunja udugu. Vitu vizito vitiwe katika kikapu cha ukili. Hivyo mpokeaji hatakuwa na cha kutupa, wala mtoaji hatakopa ili apambe.