Sigara na Upara

Mwanamume akianza kutoka upara, wapo watakaomwambia ni dalili ya utajiri, na wapo watakaomwita mzee. Ni wachache watakaomwuliza anavuta sigara ngapi kwa siku.

Kwanza tuseme ukweli. Chanzo kikubwa cha upara kwa wanaume ni urithi, wa upande wa baba na wa mama pia. Mashina ya nywele za utosini na za juu ya paji la uso hudhoofishwa na homoni ya kiume. Nywele huota nyembamba, kisha hukoma. Basi mwenye upara si lazima awe mvutaji, na kumcheka si haki.

Hata hivyo sigara ina mchango wake. Mwaka 2007 ulitolewa uchunguzi wa wanaume 740, wenye umri wa miaka 40 hadi 91, huko Tainan, Taiwan. Waliovuta sigara 20 au zaidi kwa siku walionekana kupata upara mkubwa kuliko wasiovuta, hata umri na urithi ulipozingatiwa.

Wataalamu hutaja sababu hizi:

1. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na shina la nywele hulishwa na mishipa hiyo.

2. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Hushika nafasi ya oksijeni katika damu.

3. Sumu nyingine za moshi huharibu chembe hai za mwili.

Je, ukiacha sigara nywele zitarudi? Hakuna awezaye kukuahidi hilo. Lakini ndani ya saa 12 hewa ile ya sumu hupungua katika damu hadi kiwango cha kawaida, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo unaoletwa na sigara hupungua kwa nusu. Nywele zikipotea mtu huishi. Moyo na mapafu havina kofia ya kuvifunika.

Anayetaka kuacha achague siku, awaambie watu wa nyumbani, na atupe sigara zilizobaki. Hamu ikija, anywe maji au ashike kazi. Hupita baada ya dakika chache. Asihamie kwenye ugoro, kwani nao ni tumbaku. Akina mama, msimsimange akirudi nyuma. Mtieni moyo aanze tena. Watoto wanaolala chumba chenye moshi nao wanauvuta.

Msikimbilie kununua mafuta ya upara yanayotembezwa mitaani. Nywele zikinyonyoka kwa mabaka, au kichwa kikiwasha na kutoa magamba, huenda ni mapunye au ugonjwa mwingine. Nenda zahanati ukapimwe, na usichangie wembe na mtu.