Miunganisho ya Kuazima

Mtu wa Njombe aombaye kwa simu namba ya kulipia ada ya Serikali, na mwenzake wa Makambako afanyaye vivyo hivyo katika dakika ile ile, kila mmoja hudhani amezungumza na mtambo uliokuwa ukimngojea yeye peke yake. Walakini mtandao wa kurasa, alioubuni Tim Berners-Lee mwaka 1989, umejengwa juu ya desturi ya kusahau: ukurasa huombwa, hujibiwa, na seva hailazimiki kumkumbuka mwombaji. Yapasayo kukumbukwa, kama vile majina, ada na malipo, huwekwa katika kanzidata, nayo haijibu swali lolote kabla programu ya ukurasa haijaunganishwa nayo.

Kuunganishwa huko kuna gharama zake. Kwanza mitambo miwili hupelekeana salamu tatu, ndipo programu itaje jina na neno la siri, kisha kanzidata itenge nafasi ya kuihudumia. Katika kanzidata aina ya PostgreSQL kila muunganisho hupewa mchakato wake mahsusi, na kikomo cha kanzidata hiyo, kisipobadilishwa, ni miunganisho 100, ilhali cha MySQL, kanzidata ya aina nyingine, ni 151. Programu inayofungua muunganisho mpya kwa kila ukurasa na kuuvunja mara ukurasa unapokwisha yaweza kupoteza muda mwingi katika salamu kuliko katika swali lenyewe.

Kwa sababu hiyo mafundi hodari huweka akiba ya miunganisho michache iliyokwisha kufunguliwa, ambayo kurasa huiazima na kuirudisha, mithili ya magari yaendayo Njombe kutoka stendi ya Makambako, ambayo abiria mmoja akishuka mwingine hupanda. Bali ukurasa uliopatwa na hitilafu katikati ya kazi, ukasahau kurudisha ulichoazima, ni kama abiria aliyelala ndani ya gari: wakizidi wa namna hiyo, stendi yote husimama.

Wala haifai kuurudisha muunganisho ukiwa na mabaki, kwa maana malipo yaliyoandikwa nusu, au jedwali lililoachwa na kufuli, humwangukia mwombaji afuataye asiyehusika. Ndiyo sababu lugha ya programu PHP, katika toleo lake la 5.3 la mwaka 2009, ilipoiwezesha mysqli, kiungo chake cha kuifikia MySQL, kudumisha miunganisho baina ya kurasa, iliweka pia usafishaji: shughuli zisizokamilika hutanguliwa na kufuli huondolewa kabla muunganisho haujatumika tena.

Waombaji wakiwa wengi, mtu hushawishika kuongeza miunganisho. Lakini kila mmoja hula kumbukumbu ya mtambo, na foleni iliyokuwa mlangoni huhamia ndani. Mara nyingi ni afadhali kupunguza maswali. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa matokeo katika kurasa zilizokwisha kuandikwa, shule kwa shule, hata maelfu ya wazazi wakifungua kwa pamoja ukurasa hausumbui kanzidata kwa kila mmoja wao. Jambo lisilobadilika kila dakika lisiulizwe kila dakika, na miunganisho iachiwe yale yabadilikayo, kama malipo.