Zabuni za Usafi Serikalini: Bei ya Chini Humlemea Nani?

Kampuni ya usafi inayonyimwa zabuni ya serikali nchini Kenya ina siku 14 za kulalamika, zinazohesabiwa tangu ilipoarifiwa matokeo. Katika siku hizo mwenye kampuni anapaswa kuelewa kwa nini ameshindwa, kutafuta wakili, kulipa ada na kuwasilisha ombi mbele ya Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, PPARB. Zikipita, Bodi haimsikilizi hata hoja yake iwe nzito namna gani. Anayetumia wiki ya kwanza kumbembeleza afisa wa ununuzi kwa simu amekwisha kupoteza nusu ya muda wake.

Ugomvi wa zabuni hizi huonekana kama vita vya wenye kampuni peke yao. Lakini ukiifungua hesabu ya bei, utakuta kinachogombaniwa ni mshahara wa mtu anayepiga deki korido za wizara, hospitali na mahakama zetu. Mtu huyo hana kiti mbele ya Bodi.

Hesabu ya mfagiaji mmoja

Usafi ni biashara ya watu. Mashine za kusugua sakafu, ndoo, dawa na sare zina gharama yake, lakini sehemu kubwa ya bei ni mishahara. Kima cha chini cha mshahara wa mfagiaji jijini Nairobi kilichoanza kutumika Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ongeza asilimia 15 ya posho ya nyumba, unafika shilingi 18,530. Mwajiri ana mchango wake wa asilimia 6 kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za bei nafuu na shilingi 50 za mafunzo ya viwandani. Jumla inakaribia shilingi 20,000 kwa mfanyakazi mmoja. Hapo hujanunua sabuni, hujalipa bima ya ajali kazini, wala hujamweka mtu wa kushika zamu mwenzake anapokwenda likizo yake ya siku 21.

Sasa chukua jengo linalohitaji wafagiaji 40. Gharama ya watu peke yake ni kama shilingi 800,000 kwa mwezi. Tuseme mzabuni mmoja ametaja bei ya shilingi 700,000, ushuru wa VAT wa asilimia 16 ukiwa ndani. Ukiutoa ushuru huo zinabaki kama 603,000. Zigawe kwa watu 40, kila mmoja anapata shilingi 15,086, yaani chini ya kima cha chini kabla ya kununua hata tone la dawa. Kampuni hiyo haina siri ya ufanisi ambayo wengine hawaijui. Itapunguza watu, itakata mishahara, au itaacha michango ya NSSF bila kulipwa.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inaruhusu zabuni itolewe kwa mwenye bei ya chini kabisa baada ya tathmini, na hicho ndicho kigezo kilichozoeleka kwa kazi za usafi. Mara kampuni kadhaa zinapovuka hatua ya stakabadhi na ile ya ufundi, shilingi chache ndizo zinazoamua. Bei iliyosomwa siku ya kufungua zabuni nayo ni ya mwisho. Aliyekosea kujumlisha haruhusiwi kusahihisha. Anayeheshimu sheria ya kazi anaingia kwenye mashindano haya akiwa amebeba mzigo ambao mwenzake ameutua njiani.

Malalamiko yanayosimama

Kusema “sisi tuna uzoefu zaidi” hakutoshi. Malalamiko yenye miguu hujengwa juu ya waraka wa zabuni wenyewe: kamati ilitumia kigezo ambacho hakikuandikwa humo, ilimsamehe mmoja hati ya lazima na kumwondoa mwingine kwa hati hiyohiyo, au barua ya matokeo haikutaja sababu ya kushindwa wala jina la mshindi. Katiba, kifungu cha 227, inataka ununuzi uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na usiopoteza fedha za umma. Hoja inayoonyesha ni lipi kati ya hayo lililovunjwa, kwenye ukurasa gani, ina uzito.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba wengi huangushwa na mambo madogo. Sheria inataka kila ukurasa wa zabuni uwe na namba mfululizo. Cheti cha kodi cha KRA kilichopitwa na wakati au saini iliyosahaulika katika fomu humwondoa mtu kabla bei yake haijatazamwa. Kwa makosa hayo Bodi haina dawa.

Hoja ya bei isiyowezekana ndiyo ningependa kuiona ikitumiwa zaidi. Nyaraka sanifu za zabuni zinairuhusu kamati ya tathmini kumtaka mwenye bei ya chini kupita kiasi achanganue gharama zake kwa maandishi, na kumkataa asipotoa maelezo ya kuridhisha. Mlalamishi anayeleta jedwali la kima cha chini, idadi ya wafagiaji waliotakiwa na bei ya mshindi iliyosomwa hadharani anakuwa na hoja ambayo mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuithibitisha.

Gharama ya kungoja

Ombi likifika, ununuzi husimamishwa na Bodi huamua ndani ya siku 21. Asiyeridhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45. Kutoka hapo ana siku saba za kukata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ina siku 45 nyingine. Ukizijumlisha pamoja na zile 14 za mwanzo, ni siku 146, karibu miezi mitano. Vyoo vya hospitali havingoji hukumu, kwa hiyo mara nyingi mkandarasi wa zamani huendelea na kazi. Ndiyo maana kila ombi linaloletwa na kampuni iliyomo kazini linastahili kutazamwa kwa jicho kali.

Ushindi nao una mipaka. Mara nyingi Bodi hufuta matokeo na kuirudishia taasisi zabuni ili itathminiwe upya. Mlalamishi aliyelipa wakili anaweza kushinda kesi na bado akaikosa kazi.

Anayekosekana mezani

Sheria inamruhusu mzabuni au aliyekusudia kuomba zabuni kupinga matokeo. Mfagiaji hayumo. Kwa hiyo mtetezi wa mshahara wake anabaki kuwa kampuni iliyoshindwa, kwa sababu zake yenyewe, kama itamudu gharama. Ulinzi wa haki ya mfanyakazi haufai kutegemea bahati ya namna hiyo.

Dawa iko mikononi mwa taasisi zinazonunua. Ziandike katika waraka idadi ya wafanyakazi na mshahara ambao hakuna bei itakayoruhusiwa kushuka chini yake. Kampuni zishindane kwa mashine, usimamizi na faida. Kila ankara ya mwezi iambatane na hati za mishahara na risiti za NSSF, na mhasibu asilipe bila kuziona. Serikali nayo ilipe kwa wakati, kwa kuwa kampuni inayodai miezi mitatu huanza kwa kumkopa mfagiaji.

Rahisi ni ghali, tumeambiwa tangu zamani. Katika zabuni za usafi, nafuu inayosomwa siku ya kufungua bahasha inakatwa kwenye mshahara wa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri ili ofisi ya umma ikute sakafu kavu. Kamati ya tathmini inao uwezo wa kuuona mkato huo kabla ya kutia saini, na hesabu yake haizidi mistari mitano.