Kidimbwi cha bustani kisiwe mazalio ya mbu

Ukichimba kidimbwi bustanini, panda mimea ya asili yetu. Yungiyungi la maua ya samawati hutandaza majani juu ya maji, likayatia kivuli na kupunguza mwani. Mafunjo yapande ndani ya vyungu ili mizizi isitambae. Watoto wa kereng'ende hula viluwiluwi vya mbu, kisha hupanda mabua hayo watokapo majini.

Epuka gugumaji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na miaka ya 1990 lilitanda sehemu kubwa za Ziwa Viktoria.

Kagua maji kila wiki. Viluwiluwi vya mbu vikizidi, tia perege wadogo. Tena zungushia uzio, kwani mtoto mdogo huzama hata kwenye maji haba.