Benchi ndilo linalouza mvinyo

Kila mwezi Septemba mji wa Bad Dürkheim, magharibi mwa Ujerumani, wenye wakazi wasiofika hata 20,000, hupokea wageni wapatao 600,000. Wanafuata tamasha la Wurstmarkt, maana yake Soko la Soseji. Soseji zipo tele, lakini sifa ya tamasha hilo ni mvinyo.

Mfanyabiashara atajiuliza: mvinyo huo huo si unapatikana dukani? Kwa nini mtu apande treni, alipie chumba, kisha akabanwe kwenye umati?

Watafiti John Crompton na Stacey McKay, waliochunguza tamasha la San Antonio, Texas, na kuchapisha matokeo mwaka 1997, walitaja sababu kadhaa: kuona jambo jipya, kujua utamaduni, kupumzisha akili, kukaa na jamaa, kukutana na watu. Ukihesabu vizuri, nyingi hazihusu bidhaa kabisa.

Pale Bad Dürkheim jambo hili linaonekana wazi. Katika karne ya 15 wakulima walipandisha mvinyo kwa toroli hadi kilima cha Michaelsberg, wakawauzia mahujaji. Hadi leo vibanda vidogo vya tamasha vina jina la toroli hizo. Ndani yake kuna mabenchi marefu na finyu, na wasiojuana hukaa bega kwa bega. Glasi ni ya nusu lita, nayo huzungushwa mezani kutoka mkono hadi mkono. Na hapo ndipo biashara ilipo: aliyekunywa kwenye glasi ya jirani huona haya kuondoka kabla hajanunua yake.

Linganisha na mwenye kibanda tunayemfahamu sote katika maonyesho yetu. Amepanga chupa za kila aina juu ya meza moja, hana hata stuli. Mteja anaonja bure, anashukuru, anakwenda zake. Jioni mtaji umeishia kwenye vikombe vya kuonjea, na kodi ya eneo bado inadaiwa.

Kwa Dodoma suala hili si dogo. Zabibu huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zikishakatwa hazimsubiri mnunuzi. Mkulima asiye na pa kuzipeleka hupokea bei yoyote atakayotajiwa. Wanaosindika mvinyo kidogo kidogo wanaweza kupata soko la rejareja katika matamasha, lakini wasitegemee chupa peke yake.

Kwa hiyo, unapokwenda kukodi eneo, uliza kwanza kama utaruhusiwa kuweka mabenchi, na kivuli kiko upande gani saa tisa alasiri. Mwenye jiko la nyama choma awe jirani yako. Mkigawana gharama za turubai, ni nafuu kwenu wote wawili.