DONDAKOO MJINI TORONTO: DAWA IKO MIKONONI MWA NANI?

Kada akiulizwa kwa nini maradhi fulani yanaua watoto wa wanyonge, mara nyingi hujibu upesi kwamba dawa hakuna. Jibu hilo halitoshi. Lazima tuulize: hakuna kabisa, au ipo lakini iko mikononi mwa nani? Historia ya dondakoo katika mji wa Toronto, nchini Kanada, inatusaidia kulichambua swali hili.

Dondakoo huletwa na bakteria wanaokaa kooni na kutoa sumu. Utando wa kijivu huziba njia ya pumzi, na sumu ikiingia katika damu hudhuru moyo na mishipa ya fahamu. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba mnyama aliyezoeshwa sumu hii kidogo kidogo hujenga katika damu yake kitu cha kuipinga. Mwaka 1894 Émile Roux alitumia seramu ya farasi mjini Paris, na vifo vya wagonjwa hospitalini vikashuka kutoka kiasi cha nusu hadi kiasi cha robo.

Hivyo dawa ilikuwapo. Lakini miaka 20 baadaye dondakoo ilikuwa bado inaua watoto wengi Kanada. Seramu iliagizwa kutoka makampuni ya Marekani, kwa bei iliyowashinda wafanyakazi wengi. Na ugonjwa huu haungoji. Seramu haiwezi kuiondoa sumu iliyokwisha kushika mwili. Kila siku baba anayopoteza akitafuta fedha inapunguza nafasi ya mtoto kupona. Kwa hali hiyo, bei yenyewe iliua.

Desemba 1913 Dkt. John FitzGerald alianza kutengeneza seramu katika banda la farasi huko Barton Avenue, akitumia farasi wazee wa bei ya chini. Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Toronto kiliichukua kazi hiyo, na mwaka 1916 serikali ya jimbo la Ontario ikaanza kuigawa seramu bure. Tusidanganyike kwamba haya yalikuwa mapinduzi. Kanada ilibaki nchi ya kibepari, na hata shamba la maabara mpya, iliyofunguliwa mwaka 1917, lilitolewa na Albert Gooderham, tajiri wa ukoo wa watengenezaji pombe! Hata hivyo uzalishaji wa dawa hii ulikuwa umewekwa chini ya chombo cha umma, na hilo si jambo dogo.

Bado palikuwa na mgongano. Seramu humtibu aliyekwisha ugua. Kinga yake hudumu majuma machache tu. Mwaka 1923 Gaston Ramon, huko Ufaransa, aliidhoofisha sumu kwa joto na formalini, ikawa haidhuru lakini inaufundisha mwili kujikinga. Hiyo ndiyo toksoidi. FitzGerald aliifuata, ikatengenezwa Toronto, na kati ya 1926 na 1929 ikajaribiwa kwa watoto wapatao 36,000 wa shule za mji huo. Miongoni mwa waliopata sindano zote 3, ugonjwa ulipungua kwa asilimia 90 au zaidi. Walioishia sindano 1 au 2 walipata kinga pungufu, na kwa hiyo kazi kubwa ikawa kuhakikisha kwamba kila mtoto aliyeanza anarudi kumaliza.