Kinundu cha shingo hakitaki wembe

Uvimbe wa shingo ukitajwa, maswali ni yale yale: ni kubeba ndoo kichwani? Ni kurogwa? Mganga amenichanja, mbona hautoki? Hilo la mwisho ndilo linaloumiza watu. Tezi ya thairoidi, ambamo vinundu hivi huota, imejaa damu na pembeni yake imepita mishipa mikubwa. Anayepitisha wembe hapo anakuachia makovu na usaha, kinundu kinabaki palepale. Na ndoo haina hatia.

Vinundu vya tezi hii ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Daktari akipapasa kwa vidole huvikuta kwa watu wazima kama 5 katika kila 100. Kwa ultrasaundi, tafiti nyingine zimevikuta kwa zaidi ya nusu ya waliopimwa. Wanawake huvipata takriban mara 4 ya wanaume, na umri ukisogea vinaongezeka. Zaidi ya 90 katika kila 100 si saratani.

Vinatokeaje? Tezi hutengeneza homoni zake kwa madini joto (iodini). Yakipungua, ubongo hutuma homoni ya TSH kuihimiza, nayo inatanuka. Lakini seli zake haziitiki sawasawa: baadhi zina pupa, huzaana haraka kuliko jirani zake mpaka zikajikusanya kuwa kinundu. Tena tezi hii huzalisha haidrojeni peroksaidi ili kuyanasa madini joto, na kemikali hiyo hiyo huweza kuharibu vinasaba vya seli. Kadiri tezi inavyohimizwa, ndivyo hitilafu zinavyoongezeka.

Kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, kilitoa funzo kubwa. Watafiti Wabelgiji, akina Delange na Ermans, walikuta madini joto ni haba kisiwa kizima, lakini goita, yaani uvimbe wa tezi hii, imejaa kaskazini na ni adimu kusini-magharibi. Tofauti ilikuwa muhogo. Usipolowekwa na kukaushwa vizuri, hubaki na sianidi. Mwili huigeuza kuwa thayosianeti, ambayo hugombea mlango uleule wa kuingizia madini joto kwenye tezi. Moshi wa sigara nao huleta thayosianeti. Mionzi ya utotoni, kama iliyowapata watoto wa Chernobyl mwaka 1986, huongeza hatari pia, na vinundu huandama baadhi ya familia.

Kwa hiyo tumia chumvi yenye madini joto, ifunike, uitie kwenye chakula kikikaribia kuiva. Ukiona uvimbe, kapime TSH na ultrasaundi. Daktari ataamua kama sindano nyembamba ya kutoa seli inahitajika. Uvimbe mgumu, unaokua haraka, sauti inayokwaruza, au shida ya kumeza: nenda wiki hii hii.

Na wale wauza matone ya madini joto mabasini waache. Kinundu cha siku nyingi kinaweza kuwa kimeshaacha kusubiri amri ya ubongo. Kikimwagiwa madini joto kwa wingi, hufyatua homoni kupita kiasi, na moyo wa mtu mzima huenda mbio hadi kupoteza mpangilio. Watu hulazwa kwa hilo, na muuzaji keshashuka kituo kilichofuata.